Mbegu yetu, mafuta yao: serikali inahusika wapi?

Makala yetu fupi ya toleo lililopita kuhusu bei ya mafuta ya kula imetuletea barua nyingi kuliko kawaida, nyingi zikitoka Kigoma na chache Tabora. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nchi inapozidiwa na nyingine sokoni, serikali yake ilipaswa kufanya nini, na ilipaswa kuacha nini? Tumechagua barua tano. Ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo wa nyingine zote.

Swali: Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni mkulima wa michikichi hapa Simbo, Kigoma. Tangu utotoni tunasimuliwa kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu za michikichi, wakazipanda kwao, na leo sisi ndio tunaonunua mafuta kutoka kwao. Kama ni kweli, serikali yetu ilikuwa wapi? Na sasa wapo wanaosema kwenye mikutano ya kijiji kwamba serikali ikae kando, biashara ni ya wafanyabiashara. Tushike lipi?

Jibu: Ndugu mkulima, hadithi hiyo haisimuliwi Simbo pekee, husikika hata majukwaani, na msimulizi huwa hakosi kupigiwa makofi. Sehemu yake kubwa, hata hivyo, si kweli. Michikichi iliyoenea Asia ya Kusini Mashariki ni uzao wa miche minne iliyopandwa mwaka 1848 katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, wakati huo kikiwa chini ya Waholanzi. Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi na ya Kati, kwa hiyo ni kweli kwamba mbegu ilitoka bara letu, lakini ilivuka bahari zaidi ya miaka 60 kabla ya reli ya Wajerumani kufika Kigoma mwaka 1914. Malaysia ilianza kilimo cha kibiashara cha zao hilo mwaka 1917, huko Selangor. Kipo kipande kidogo cha ukweli ambacho huenda ndicho kilichozaa hadithi: katika miaka ya 1980 watafiti wa Malaysia walizunguka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, wakikusanya mbegu za michikichi ya asili ili wazitumie kuboresha aina walizokuwa nazo. Kufikia wakati huo Malaysia ilikuwa tayari mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Sikusudii kuharibu simulizi ya wazee. Tatizo ni kwamba simulizi hiyo inatuelekeza kuamini kuwa siri ilikuwa kwenye mbegu, na kwamba aliyeichukua alichukua na utajiri wetu. Mbegu tulikuwa nayo na bado tunayo. Tofauti imeletwa na mambo yaliyofanyika baada ya mbegu kuingia ardhini, na mengi kati ya hayo yalikuwa mikononi mwa serikali.

Tazama walivyofanya wenzetu wa Malaysia. Mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru, nchi hiyo iliunda mamlaka ya maendeleo ya ardhi iitwayo Felda, iliyohamisha familia zisizo na ardhi na kuzipa kila moja shamba la hekta 4 hivi, mwanzoni la mpira na baadaye, bei ya mpira ilipozidi kuyumba, la michikichi. Mkulima hakukabidhiwa pori. Alikabidhiwa shamba lililokwisha kupandwa, lenye barabara, na kiwanda cha kukamua kikiwa karibu, na gharama zote zilikatwa polepole kwenye mauzo yake. Katika miaka ya 1970 serikali ilipanga kodi ya mauzo ya nje kwa namna ambayo mafuta ghafi yalibeba mzigo na yaliyosafishwa yakapata unafuu, na kwa muda mfupi viwanda vya kusafisha vikaongezeka nchini humo badala ya kubaki Ulaya. Mwaka 1979 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa mawese iliyogharimiwa na tozo ndogo kwa kila tani ya mafuta, ili mtafiti asisubiri huruma ya bajeti ya mwaka.

Jambo ninalolipenda zaidi katika historia hiyo ni la mdudu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashamba makubwa ya Malaysia yalikuwa yakilipa vibarua wachavushe maua ya michikichi kwa mkono, kwa sababu mdudu afanyaye kazi hiyo Afrika hakuwapo kule. Kampuni ya Unilever, iliyokuwa na mashamba huko, iligharimia utafiti uliomtambua fukusi mdogo wa Kameruni, Elaeidobius kamerunicus. Mamlaka za serikali zikasimamia karantini na kutoa kibali baada ya kuridhika kwamba hatakuwa balaa kwa mimea mingine, na mwaka 1981 akaachiwa mashambani. Mavuno yalipanda na gharama ya vibarua wale ikaondoka. Kampuni isingeruhusiwa kumwingiza mdudu mgeni kwa amri yake yenyewe, na serikali peke yake isingekuwa na haraka ya kumtafuta. Kila upande ulifanya kazi iliyouhusu.

Malaysia si malaika. Misitu mingi ilifyekwa, na tangu mwaka 2006 Indonesia imeipita kwa uzalishaji kwa kufyeka mingi zaidi. Siwatoi kama mfano wa wema. Ninachoonyesha ni jinsi uamuzi mmoja ulivyofuatwa na mwingine kwa zaidi ya miaka 20 bila kila waziri mpya kuanza upya.

Sasa turudi Simbo. Michikichi mingi ya zamani mkoani Kigoma ni aina ya dura, yenye kokwa la ganda nene na nyama nyembamba, na nyama ndiyo yenye mawese. Aina iitwayo tenera ina ganda jembamba na hutoa mafuta zaidi kwa takriban asilimia 30 kutoka mkungu wa uzito uleule. Kwamba tenera ni mtoto wa dura na aina nyingine iitwayo pisifera, isiyo na ganda, kulithibitishwa mwaka 1941 katika kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, yaani katika nchi ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa siku isiyo na ukungu. Tabia ya urithi huo ina madhara makubwa kwako wewe mkulima: ukiokota chikichi chini ya mti wa tenera ukaipanda, karibu robo ya miche itarudi kuwa dura na robo nyingine itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida haizai. Mbegu ya kweli ya tenera lazima itengenezwe upya kila mara kwa kufunika ua la dura na kulichavusha kwa chavua ya pisifera iliyochaguliwa. Mkulima mmoja hawezi kuifanya kazi hiyo, na mfanyabiashara wa kawaida haoni faida yake mapema. Ndiyo maana kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hapo hapo Kigoma, kina umuhimu kuliko hotuba nyingi. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozindua juhudi za kulifufua zao hili mwaka 2018, kituo hicho kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera na miche imegawiwa kwa wakulima. Ukiletewa miche, basi, swali la kwanza liwe imetoka kitalu gani.

Lakini kugawa miche ni sehemu nyepesi, na ndiyo inayopendwa na wapiga picha. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4 na huendelea kulipa kwa miaka 25 hivi. Uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka 5. Kati ya siku ya kukabidhiwa miche na mkungu wa kwanza kuna palizi, mbolea, ofisa ugani anayefika au asiyefika, na barabara ya kutoka shambani ambayo kila masika huchimbika upya.

Hiyo barabara ina kazi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Unajua mwenyewe utaratibu wetu: mikungu inakatwa, inarundikwa siku kadhaa chini ya majani ili chikichi ziachie, zinapukuchuliwa, zinachemshwa kwenye pipa kwa kuni, zinapondwa, zinakamuliwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mikono, kisha mafuta yanaenguliwa na kumiminwa kwenye madumu. Chikichi ikishapondeka au kuanza kuiva kupita kiasi, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuongeza asidi huru. Kiwanda kizuri cha Malaysia hujitahidi kuupata mkungu ndani ya saa 24 na kuupiga mvuke, na mvuke huo hukiua kimeng'enya. Katika biashara ya kimataifa mawese ghafi yanatakiwa yasizidi asilimia 5 ya asidi huru. Yetu yakilala siku 4 kabla ya kuchemshwa huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na mnunuzi akishayapima anakupa bei ya mtu wa sabuni, si bei ya mtu wa chakula. Mkulima huona kama anapunjwa na dalali, kumbe sehemu ya bei yake imepotelea njiani kati ya shamba na pipa. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, ukiwa nje ya gridi ya taifa, na barabara ya lami ya kwenda Nyakanazi kupitia Kasulu na Kibondo ilisubiriwa kwa muda ambao kizazi kizima kilikua. Nani angeleta kiwanda cha mvuke katika hali hiyo?

Kwa wale wanaosema serikali ikae kando, ningewauliza: kando ya kitu gani? Ikiwa ni kando ya kukamua, kununua na kuuza, niko pamoja nao. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulikuwa na mashirika ya umma yaliyofikia takriban 400, yakifanya kila kitu kuanzia kusaga unga hadi kuuza nguo, na mengi yalikuwa yakila ruzuku hadi tume ya kuyarekebisha ilipoundwa mwaka 1992. Afisa anayelipwa mshahara uleule mafuta yakiharibika au yasipoharibika hawezi kushindana na mwenye mali. Profesa Michael Porter wa Harvard, aliyefanya utafiti mkubwa kuhusu suala hili na kuutoa mwaka 1990, alifika kwenye hoja inayofanana: viwanda vyenye ushindani huundwa na kampuni, na serikali inaweza tu kuzisukuma na kuziandalia mazingira. Ningeongeza kwamba kwa nchi kama yetu neno "tu" hapo ni dogo mno, kwani mazingira yenyewe ndiyo barabara, umeme, mbegu na mahakama inayomaliza kesi ya madai kabla ya mdai kuzeeka. Mambo hayo hakuna kampuni itakayoyagharimia ilhali mshindani wake atayatumia bure.

Swali: Mimi ni msindikaji mdogo wa mawese, Mwandiga. Kwa nini serikali isipige marufuku mafuta ya nje kwa miaka kumi ili na sisi tukue?

Jibu: Kwa sababu zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yanayotumika nchini hutoka nje, na marufuku ingefika kwenye kikaango cha mama lishe kabla haijafika kwenye pipa lako. Bei ingepaa, magendo yangehamia kwenye boti za usiku, na ndani ya mwaka mmoja serikali ingelazimika kuifuta amri yake yenyewe. Ulinzi wa kiasi, hata hivyo, naukubali, na tayari upo: katika bajeti ya 2018/19 Tanzania ilipandisha ushuru wa forodha wa mafuta ghafi ya mawese kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35.

Viwango hivyo viwili vitazame vizuri, kwa maana havimlindi mtu mmoja. Kiwango cha mafuta ghafi kinakulinda wewe na mkulima wako. Tofauti kati ya kiwango cha ghafi na cha yaliyosafishwa inamlinda mwenye kiwanda cha kusafisha kilichopo karibu na bandari, ambaye malighafi yake yaweza kuwa mawese ya Asia vilevile. Huyo ana ofisi, ana wanasheria, na ana njia ya kuufikisha ujumbe wake Dodoma. Akiomba kiwango cha ghafi kishushwe na cha mafuta safi kibaki juu, gazeti litaandika kwamba "viwanda vya ndani vimelindwa", na Mwandiga mtakuwa mmeumia. Ukisikia neno "viwanda vya ndani", uliza malighafi yake inatoka wapi.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko kiwango chenyewe ni kubadilikabadilika kwake. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna ushuru wa pamoja, lakini kila mwaka nchi mwanachama huruhusiwa kuomba kutoza kiwango tofauti, na majibu hutoka karibu na siku ya kuanza mwaka wa fedha, Julai Mosi. Mtu anayepanda mchikichi leo atavuna baada ya miaka 4, na hajui ushuru wa Julai ijayo. Benki nayo haijui, kwa hiyo haimkopeshi. Afadhali asilimia 20 inayotangazwa kwa miaka 8, ikishuka kidogo kidogo kwa ratiba inayojulikana, kuliko asilimia 35 ambayo kila Juni watu wanakesha redioni kusikia kama bado ipo.

Kwa mtu wa Kigoma somo hili si geni. Mwaka 2016 sheria ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye huduma zinazotolewa kwa mizigo inayopita nchini kwenda nchi jirani. Wenye mizigo ya Kongo na Zambia hawakuandamana wala kuandika barua. Waliangalia ramani na kuanza kupitishia sehemu ya shehena yao bandari nyingine. Mwaka 2017 kodi hiyo ikaondolewa. Kuiondoa kulihitaji kikao kimoja cha Bunge, lakini mteja aliyekwishazoea njia nyingine hakurudishwa na kikao.

Swali: Sisi wafugaji nyuki wa Sikonge, Tabora, msitu wetu ni wa asili na nyuki wetu ni wa asili. Hatudai pembejeo wala ruzuku. Serikali inatusaidia nini tunapouza asali nje, zaidi ya kutudai vibali?

Jibu: Kuhusu wingi wa vibali sitakupinga, na ningefurahi kuona mfugaji nyuki anamaliza yote katika ofisi moja mjini Tabora. Lakini ipo huduma moja ambayo huenda hujaiona kwa sababu hufanyika mbali na mzinga. Umoja wa Ulaya haupokei asali kutoka nchi yoyote isiyokuwa kwenye orodha yake, na ili nchi iwe kwenye orodha, serikali yake lazima iwe na mpango unaokubalika wa kuchukua sampuli na kupima mabaki ya dawa na kemikali katika asali yake. Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Ushirika wenu ungeweza kuwa na asali bora kuliko zote duniani na bado mlango ungefungwa, kwa kuwa Brussels haizungumzi na ushirika wa Sikonge. Inazungumza na mamlaka ya nchi. Upande wa pili wa jambo hilo ni mchungu zaidi: mchuuzi mmoja akichanganya asali na shira ya sukari, au akiijaza kwenye pipa lililokuwa na dawa ya mifugo, kinachochafuka ni jina la Tanzania, na ninyi mlio waaminifu mnalipa. Kumkamata mtu huyo ni kazi ya dola. Wafugaji wenzake hawana mamlaka ya kufungua pipa lake.

Halafu kuna msitu wenyewe. Unasema ni wa asili, nami nakubali, lakini miombo hiyo hiyo inayowapa nyuki maua ndiyo inayokatwa kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani. Mkulima wa tumbaku naye ana familia, na tumbaku inailetea Tabora fedha nyingi. Yeye hailipi ushirika wenu chochote anapoangusha mti uliokuwa ukilisha makundi ya nyuki wenu. Ninyi nanyi mnaotundika mizinga ya magome mnaua miti kwa kuibambua. Mgogoro wa namna hii hauamuliwi na soko, kwa kuwa mti ule hauna bei kwenye daftari la yeyote kati yenu. Anayeweza kusema hapa patakatwa, hapa hapakatwi, na kila aliyekata apande, ni mwenye mamlaka juu ya wote wawili. Kama anaisema kauli hiyo kwa uthabiti unaotakiwa, ninyi mlioko Sikonge mnajua kuliko mimi. Chuo cha nyuki kiko mkoani kwenu, na mafunzo ya mizinga isiyoua miti yanapatikana. Huo nao ni msaada wa serikali ambao ni rahisi kuusahau kwa kuwa hautoki na muhuri.

Swali: Ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora. Mwalimu alitupa orodha za kimataifa za ushindani wa nchi na kutuuliza Tanzania ipande vipi. Je, orodha hizo ni za kuaminika?

Jibu: Zinafaa kusomwa, mradi ujue zilipima nini. Jukwaa la Uchumi la Dunia liliiweka Tanzania nafasi ya 117 kati ya nchi 141 mwaka 2019, likitumia nguzo 12 zikiwamo miundombinu, afya, elimu ya ujuzi na taasisi. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yake ya mwisho ya aina hiyo. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2020 kuhusu wepesi wa kufanya biashara, ilitupa nafasi ya 141 kati ya 190, kisha Septemba 2021 ikaifuta ripoti hiyo moja kwa moja baada ya kubainika kwamba takwimu za baadhi ya nchi zilikuwa zimechezewa. Nchi hizo hazikuwa Tanzania.

Mwambie mwalimu jambo hili pia: kwa nchi nyingi, ripoti ya Benki ya Dunia ilipima sheria na taratibu katika jiji kubwa la biashara peke yake, kwa hiyo "Tanzania" iliyomo mle ni Dar es Salaam. Serikali ingeweza kupanda ngazi 20 bila kuweka kalavati moja kati ya Uvinza na Kaliua, na ingeweza kuuunganisha mkoa mzima na gridi bila kupanda hata moja.

Swali: Nanunua maharage Kasulu na kuyapeleka Kigoma mjini. Kila geti wananitaka ushuru, wakati mwingine kwa mzigo uleule. Serikali inasema inapunguza tozo. Mbona mimi sioni?

Jibu: Kwa sababu serikali unayoisikia na serikali unayokutana nayo getini ni mbili, na mifuko yao ni tofauti. Ile ya juu imefanya mambo ya kweli. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Mwaka 2018 ukapitishwa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, unaojulikana kama MKUMBI, uliokiri waziwazi kwamba taasisi nyingi zilikuwa zikimkagua mtu mmoja kwa jambo lilelile. Tangu Julai 2019, kwa mfano, usimamizi wa chakula uliondolewa kwenye mamlaka iliyokuwa ikisimamia chakula na dawa pamoja, ukapelekwa Shirika la Viwango (TBS), ili msindikaji asipigiwe hodi na wakaguzi wawili.

Halmashauri, kwa upande wake, ilipunguziwa mapato bila kupunguziwa majukumu. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016. Wilaya isiyo na viwanda wala hoteli inabaki na ushuru wa mazao, na mkurugenzi wake anapimwa kwa kufikia lengo la makusanyo. Mtu wa getini amepewa lengo hilo limegawanywa kwa siku. Ukilifahamu hilo utaona kwa nini waraka kutoka Dodoma hauinui kizuizi cha barabarani. Katika hili naona kosa ni la wale wa juu zaidi kuliko wa getini: huwezi kumnyang'anya mtu chanzo cha mapato, ukampa lengo kubwa zaidi, kisha ukamlaumu kwa kukaba barabara.

Kwa sasa hivi, fanya haya. Ushuru wa mazao kisheria hulipwa na mnunuzi, tena mara moja, katika halmashauri uliponunulia. Kwa hiyo lipa Kasulu, chukua risiti ya mashine yenye uzito na kiasi, na uioneshe kila geti linalofuata. Usikubali kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, hata kama ni bei nafuu, kwa maana ndicho kinachompa mtu wa geti la pili sababu ya kukutoza tena. Mzigo ukiwa chini ya tani moja, sema hivyo kwa upole na uombe akuoneshe sheria ndogo anayoitumia. Akikataa, andika tarehe, saa na jina la geti, umpelekee mtendaji wa kata na diwani wako kwa maandishi. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na makadirio ya ushuru wa mazao hupitishwa humo kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Wafanyabiashara kumi wa maharage wakiingia ukumbini siku hiyo na risiti zao mbili mbili za mzigo mmoja, itabidi mtu asimame azieleze.